Dakika Kumi na Mbili za Fundi Saa

Sebuleni kwao kulikuwa na picha moja tu kubwa, ya harusi ya kaka mkubwa, na ilikuwa na walakini ambao kila mgeni aliuona na hakuna aliyeusema. Bwana harusi yumo. Bibi harusi yumo. Mama yumo, na kilemba kilichomziba mtu aliyesimama nyuma yake. Halafu kule mwisho kabisa, ubavuni kwa Mama, kuna mkono wa koti la kijivu lenye mistari, ncha ya bega hadi kiwiko, na hapo picha inakwisha. Mwenye koti hayumo, na mwenye koti ni Baba.

Baba alikuwa fundi saa. Mwaka mmoja kabla ya harusi ile mikono yake ilianza kutetemeka, kisha kichwa nacho kikafuata, kinatikisika taratibu kama mtu anayekataa jambo kwa adabu. Daktari aliupa ugonjwa jina ambalo hakuna mtu nyumbani aliyeweza kulitamka mara mbili kwa namna moja. Mpiga picha wa harusi alilalamika kwamba mzee ameharibu picha zote kwa kutikisika, akamkata kwenye kompyuta, na akaja kuileta kazi yake anatabasamu, eti amewasitiri! Baba aliipokea, akaitazama, akasema, "Imetoka vizuri," akaitundika mwenyewe. Tangu siku hiyo kamera ikitokea mahali, yeye anakumbuka ana shughuli chumba cha pili.

Kitindamimba wake, ambaye wote walimwita Kitinda, alikuwa na miaka kumi na minne. Alilia usiku ule kwa hasira, na akajiapiza kwamba ipo siku atampiga baba yake picha moja, moja tu, ambayo hakuna mtu atathubutu kuikata. Miaka sita baadaye alikuwa chuoni, mwaka wa pili wa upigaji picha, na hiyo picha bado hana.

Alichokuwa nacho ni mbinu. Ee, mbinu anazo! Alikuwa akishinda maktaba akifungua vitabu vya wapiga picha wakubwa, kisha anakimbilia studio kuwaiga. Aliwapiga wenzake nyuma ya kioo kilichomwagiwa maji. Aliweka sura mbili ndani ya picha moja, moja inacheka na nyingine imenuna. Alimkalisha mlinzi wa chuo kwenye chumba cha giza akamchora uso kwa mwanga wa tochi, mpaka mlinzi akauliza kama hiyo ni picha au ni uganga. Wanafunzi wenzake walipiga makofi. Mwalimu wake hakupiga.

Mwalimu huyo wanafunzi walimwita Madamu Kasoro, kwa sababu hata ukimletea jua atakwambia lina doa. Alizipanga picha za Kitinda mezani, akazipitia moja moja, akavua miwani.

"Mbinu nzuri," alisema. "Za watu. Sasa niambie, huyu mlinzi tochi inamsaidia nini? Ukiiondoa, anapungukiwa na nini?"

Kitinda aliivuta picha ya mlinzi, akaitazama upya.

"Katika somo hili la picha za sura umeshaanguka mara moja. Ukianguka tena, kanuni za chuo unazijua, unafungasha. Ijumaa saa sita mchana nataka picha moja. Iga msanii yeyote umtakaye, sikukatazi. Lakini uniletee mtu ambaye bila hiyo mbinu hapigiki."

Mtu asiyepigika! Kitinda alimjua mmoja, na alikuwa akila naye chakula kila siku.

Jumatatu jioni alimwendea Baba kwenye meza yake ya kazi. Duka alilifunga miaka minne iliyopita, lakini meza aliihamishia nyumbani, chini ya dirisha la sebule, na kila asubuhi alikaa hapo, anafuta vibano vyake na kuvipanga kwa ukubwa. Kitinda alimweleza yote, chuo, Ijumaa, kufungasha. Baba alisikiliza, kichwa kinakataa kama kawaida yake, kwa hiyo huwezi kujua anakataa kweli au la.

"Niko tayari," alisema mwishowe, na Mama aliyekuwa akipita na ndoo akasimama palepale. "Kwa sharti. Nisipoipenda, unaifuta mbele ya macho yangu, hata kama ni Ijumaa saa tano na nusu."

"Baba, nikiifuta mimi nafukuzwa."

"Na mimi nikitoka vibaya natundikwa. Sharti ni hilo."

Kitinda akakubali. Angefanyaje?

Jumanne alijaribu mwanga. Alikuwa amesoma habari za mpiga picha mmoja aliyewasimamisha wachezaji hewani kwa mwako wa taa, mpaka jasho likaonekana tone kwa tone. Akafikiri, kama mwako unaweza kumsimamisha mtu anayeruka, utashindwaje kumsimamisha Baba anayetikisika? Akaazima taa mbili za chuo, akampiga mara sabini. Na kweli, mwako ulimsimamisha. Ulimsimamisha kidevu kikiwa upande, shingo imejikunja, jicho moja limeelekea mlangoni. Kila picha kali kama wembe, na kila picha ya mtu aliyepigwa kofi sasa hivi. Hakungoja kuambiwa. Alizifuta zote sabini kabla Baba hajaomba kuziona.

Jumatano ndipo alipofanya upumbavu. Katika kitabu kingine alikuta kwamba zamani, kamera zilipokuwa nzito na za kujikokota, wapiga picha waliwashikilia watu kisogoni kwa chuma chenye mguu, kilichofichwa nyuma ya kiti, ili wasicheze. Kitinda alipoona hivyo akaruka. Akachukua stendi ya feni mbovu, akaifunga kipande cha ubao, akakizungushia mtandio wa Mama kisichome, akakisogeza nyuma ya kichwa cha Baba. Kichwa kikaendelea. Akakaza. Kikaendelea, na sasa stendi nayo ikawa inagonga sakafu, ko-ko-ko-ko. Bila kufikiri, na hapa ndipo angetamani ardhi immeze, akachukua mshipi akaupitisha kwenye paji la uso wa baba yake ili aufunge kwenye ubao.

Baba aliushika mkono wake. Mkono wake ulitetemeka juu ya mkono wa binti, lakini ulikuwa na nguvu.

"Mimi si kabati," alisema. "Usinishikie."

Akainuka, akaingia chumbani, akafunga mlango polepole, na afadhali angeubamiza. Mama alikuja akaufungua mtandio wake kwenye ubao, akaukung'uta.

"Sasa hapo ulitaka kumpiga picha au kumnyonga?"

"Nilitaka atulie, Mama. Nusu dakika tu."

"Miaka saba watu wanamwambia tulia. Kinyozi anamwambia tulia. Daktari mwenyewe, tulia. Kama angeweza angekungoja wewe na feni?"

Kitinda aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Akabaki kwenye kiti cha Baba, stendi ya feni imelala sakafuni kama mlevi. Moyo ulimwambia aende kwa Madamu Kasoro kesho asubuhi akakubali yaishe. Mkaidi huyu, moyo wake aliujibu kwa sauti, "Siendi popote," na Mama jikoni akauliza anaongea na nani.

Mbele yake mezani kulikuwa na saa moja ya mkononi, ya Mama, na kando yake kikaratasi chenye maandishi ya Baba yaliyopinda: *Jumanne saa mbili kamili. Jumatano saa mbili, imechelewa sekunde tisa.* Alivijua vikaratasi vya namna hiyo tangu utotoni. Wateja walikuwa wakija dukani wakimwekea Baba saa sikioni, "Sikia mzee, inapiga vibaya hii," na yeye alikuwa akiwajibu vilevile siku zote, kwamba mlio mmoja hausemi kitu. Saa huwezi kuipima kwa sekunde moja, sekunde moja inaweza kuwa mbio au kuwa nzito. Iache hapa siku nzima, ijiendee, kesho tutajua inasema ngapi.

Kitinda alikisoma kikaratasi mara mbili. Kisha akasimama ghafla mpaka kiti kikaanguka.

Taa ile ilimkamata Baba kwenye sekunde moja, tena si sekunde, kipande chake. Ilikuwa ni kosa la wale wateja! Kichwa cha Baba kinakwenda kushoto, kinarudi, kinakwenda kulia, kinarudi, na kila kinaporudi kinapita mahali palepale, pa Baba mwenyewe. Ukikiacha kijiendee muda wa kutosha na lenzi imefunguliwa, huko kwenda na kurudi kutafifia, na pale anapopita kila mara ndipo patakapojichora. Na mbinu yenyewe aliwahi kuiona. Kulikuwa na mpiga picha wa kale aliyewapiga mafundi viatu kwa kuiacha lenzi wazi mpaka kiatu kiishe. Muhula wa kwanza Kitinda alimwiga kwa kupiga magari barabarani, kwa sababu ilipendeza tu.

Kuacha lenzi wazi dakika nyingi mchana kunahitaji kioo cheusi sana, la sivyo picha inageuka nyeupe tupu. Alhamisi alfajiri alikuwa mlangoni kwa fundi wa kuchomelea vyuma, akimwomba kile kioo cha akiba cha kwenye ngao ya uso.

"Unataka kuchomelea nini, binti?"

"Namchomelea baba yangu."

Fundi akamtazama, akampa kioo, akarudi nyuma hatua mbili.

Kumwomba Baba ndiko kulikomtoa jasho. Alipiga magoti kando ya meza ya saa. Hakuzunguka.

"Baba, jana nilikukosea. Nisamehe. Naomba mara moja tu, na leo sitaki utulie."

Baba alikuwa anafuta kibano. "Hutaki nini?"

"Sitaki utulie. Tetemeka unavyotetemeka. Mimi nitaifungua lenzi niiache, kama unavyoiacha saa. Dakika kumi na mbili."

Kibano kilikaa hewani. Baba alimtazama, na usoni mwake kulipita kitu ambacho Kitinda hakuwahi kukiona, kama mtu aliyeteremshiwa gunia alilosahau kwamba amelibeba.

"Nani atahesabu?" aliuliza.

"Simu ina saa, Baba."

"Simu!" alisema, kwa dharau ya miaka arobaini ya kazi. "Nitahesabu mimi."

Akaingia chumbani. Alipotoka alikuwa amevaa koti la kijivu lenye mistari.

"Makubwa!" Mama alisema. "Unaoa tena?"

Kitinda alitaka avae aproni yake ya kazi na kile kioo chake cha jichoni cha kukuzia vipuri vya saa, ionekane ni fundi. Baba alikataa. Kisha akatoa mfukoni uzi uliofungwa mafundo mawili, na kwa mikono ile, kulifunga fundo moja tu ni kazi ya asubuhi nzima.

"Ukiisafisha picha, uzi mzima ni kimo chake. Kati ya fundo na fundo ni bega langu hadi kiwiko. Na hili bega la kulia, likate."

"Nilikate? Baba, hilo ni kosa la wanaoanza. Mwalimu wangu akiona bega limekatwa ananimaliza."

"Picha ni ya nani?"

"Yako."

"Basi likate hapa." Akajigusa karibu na mshono wa koti. "Na usiweke ukingo mweupe."

Kitinda alitaka kubishana. Alikumbuka mshipi, akanyamaza, akaisogeza stendi ya kamera.

Mwanga wa dirishani ulikuwa mzuri, laini. Alikibandika kioo cha mchomeleaji mbele ya lenzi kwa gundi ya karatasi, akashika waya wa kufyatulia. Baba aliketi, saa yake ya mfukoni wazi juu ya paja.

"Fungua," Baba akasema, na yeye akafungua.

Dakika ya kwanza Baba alijikaza. Alijikaza kwa mazoea, taya limebana, mishipa ya shingo imetoka. Kitinda alisema taratibu, "Acha, Baba. Iache iende." Na Baba akaiacha. Mabega yakashuka. Mikono ikatetemeka juu ya mapaja, kichwa kikaenda na kurudi, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka saba alikaa mbele ya mtu bila kuomba radhi kwa mwili wake. Kitinda alilia nyuma ya kamera, machozi yanashuka na mkono haubanduki kwenye waya.

Dakika ya tano Mama aliingia na sinia la chai, akakatiza katikati, mbele ya lenzi, huku akisema chai inapoa.

"Mama!"

"Nini? Sijagusa kitu!"

"Funga mdomo, mwanamke, tuko kazini," Baba alisema bila kugeuka, na Mama, ambaye miaka mingi hakuwa amesikia neno kazini kwenye kinywa hicho, aliweka sinia chini akatoka kwa ncha za vidole.

Dakika kumi na mbili zilipotimia Baba akasema, "Funga." Kitinda akafunga.

Picha ilitoka ya kijani kibichi kwa sababu ya kile kioo, akaigeuza nyeusi na nyeupe kwenye kompyuta, na ilipotulia alijiziba mdomo. Baba alikuwa pale. Kingo za uso zilikuwa laini, kama zimepakwa kwa kidole, lakini katikati, macho, pua, ule mkunjo wa kati ya nyusi wa mtu aliyechungulia vitu vidogo maisha yake yote, vilikuwa pale, vimetulia. Mikono ilikuwa ukungu mweupe juu ya mapaja. Mama hakuwamo kabisa.

"Mimi niko wapi?" Mama aliuliza, ameinama juu ya kompyuta.

"Ulipita haraka, Mama. Picha hii inamwona anayekaa."

Baba aliweka kioo chake cha jichoni, akaikagua kutoka kona hadi kona, kama saa ya mteja msumbufu. Kitinda alikuwa ameshaweka kidole kwenye kitufe cha kufuta, maana ahadi ni ahadi. Baba akakiondoa kioo jichoni.

"Ulichelewa kufunga," alisema. "Sekunde mbili."

"Nifute?"

"Nenda kaisafishe. Mbili. Moja yangu."

Ijumaa saa tano na nusu picha ilikuwa juu ya meza ya Madamu Kasoro. Aliiinua, akaielekeza kwenye mwanga wa dirisha.

"Ana nini huyu?"

"Anatetemeka, Madamu. Mwili wote."

"Hukumwambia atulie?"

"Angetulia, asingetoka."

Mwalimu alivua miwani, akaifuta, na ikamchukua muda kuirudisha. "Kona ya chini kuna alama ya kidole. Ulikishika kioo." Akageuza picha kidogo. "Na hili bega? Mwaka wa pili, unamkata mtu bega?"

"Ni sharti la mwenye picha."

"Kwa nini?"

"Hata sijui, Madamu."

"Nakupunguzia alama za bega," alisema, akaandika. "Umefaulu. Toka kabla sijaona kingine."

Kitinda alikimbia njia nzima. Alipofika mlangoni alisikia nyundo, na akamkuta Baba amesimama juu ya kiti sebuleni, msumari mkono mmoja, nyundo mkono mwingine, na ukuta una mashimo kama umepigwa mawe. Mama alikuwa amekaa amejishika shavu. Kitinda alirusha mkoba akaenda kukishika kiti, kuushika msumari, kufanya chochote.

"Usinishikie," Baba alisema.

Kitinda akarudi nyuma. Nyundo ikakosa, ikakosa, ikapata. Ikakosa, ikapata. Ilikuwa kazi ya dakika nyingi. Msumari uliingia umepinda, lakini uliingia.

Kisha Baba akashuka, akachukua fremu iliyokuwa imeegemezwa ukutani. Ilikuwa mpya, ndefu, seremala aliileta asubuhi. Ndani yake, upande wa kushoto, ilikuwapo picha ya harusi. Upande wa kulia, bila ukingo, bila nafasi katikati, imebanwa hadi ikagusana nayo, ilikuwapo picha ya jana. Mkono wa koti la kijivu ulitoka kwa Mama, ukafika mwisho wa picha ya zamani, ukavuka, ukakuta bega lake. Bega likakuta shingo, na shingo ikabeba uso wa Baba, ametulia, anawatazama wote.

Kitinda alisoma ule mstari wa maungio juu hadi chini. Miaka sita! Miaka sita mzee huyu ameishi na picha ile ukutani, na hakuwahi kusema kitu.

"Imepishana kidogo," Baba alisema, amesogeza uso karibu. "Nusu milimita hivi. Hapo kwenye mstari wa pili wa koti."

"Nitaisafisha upya, Baba. Kesho hiyohiyo."

"Acha. Haitaonekana kwa mbali."

Walisimama watatu wanaitazama. Mama alijipangusa macho kwa ncha ya khanga, akasema ukuta wake nani ataupiga plasta. Baba alikaa kwenye kiti chake, mikono inatetemeka juu ya mapaja, na hakuificha.

"Kitinda," alisema, "mpigie kaka yako. Mwambie aje aone picha ya harusi yake."